UZI: Celia Cruz, malkia wa salsa aliyefungiwa mlango wa kwao

Mleta mada

Wakuu, salaam.

Kila salsa inapotajwa jukwaani, mazungumzo hukimbilia Kinshasa 1974: pambano la Ali na Foreman, tamasha kabla ya pambano, na mama mmoja mwenye sauti nzito aliyewapagawisha Wakongo. Halafu hadithi inaishia hapo. Leo nataka nimzungumzie huyo mama kwa urefu, kwa sababu naona anatajwa sana na kusikilizwa kidogo.

Anaitwa Celia Cruz. Hoja yangu naiweka mapema ili mnibane nayo. Wengi husema Celia "aliingia" kwenye salsa. Mimi nasema salsa ndiyo iliyomfuata, ikamkuta ana miaka 48 na ameshauimba muziki ule kwa robo karne.

Alizaliwa Havana, Kuba, tarehe 21 Oktoba 1925, akakulia mtaa wa Santos Suárez, mtaa wa watu wa kipato cha chini. Baba yake, Simón Cruz, alikuwa mchochea makaa kwenye garimoshi. Mama yake, Catalina Alfonso, alikuwa na sauti nzuri, na nyumba yao ilijaa watoto, wa kuzaa na wa ndugu. Celia alipewa kazi ya kuwabembeleza wadogo usiku. Mwenyewe alikuwa akisimulia kwamba alipoimba watoto hawakulala kabisa, na majirani walikuja kusimama mlangoni kusikiliza. Viatu vyake vya kwanza vya maana alinunuliwa na watalii aliowaimbia.

Baba hakutaka mtoto wake awe mwimbaji. Havana ya wakati ule ilikuwa na kumbi za usiku nyingi, na mwanamke wa jukwaani alisemwa vibaya, hasa akiwa mweusi na maskini. Simón alitaka binti awe mwalimu, Celia akatii, akaingia chuo cha ualimu. Mwaka 1947 akashiriki shindano la uimbaji la redio moja ya Havana, akaimba tango, akashinda. Zawadi ilikuwa keki. Baada ya hapo akaanza kuzunguka redio hadi redio. Kulikuwa na mwalimu wake aliyemwambia waziwazi: kwa sauti hiyo, utapata kwa siku moja ninachopata mimi kwa mwezi. Akaacha chaki, akaenda kusoma muziki kwenye konsavatori ya Havana.

Kuna sehemu hapa waandishi wengi huiruka. Kabla hajajulikana na watu wengi, mwishoni mwa miaka ya 1940, Celia alirekodi nyimbo za ibada za Waafrika wa Kuba, zile za kuwaita miungu kama Changó na Babalú Ayé, kwa ngoma za batá. Lugha yake ni Kilukumi, yaani Kiyoruba kilichovuka bahari ndani ya meli za watumwa kikabaki kwenye ibada. Utumwa Kuba ulikomeshwa 1886, miaka 39 tu kabla Celia hajazaliwa. Mtaani kwao walikuwapo wazee ambao wazazi wao walipigwa minada. Yeye alikuwa Mkatoliki hadi anakufa, lakini nyimbo zile alizijua. Ukimsikiliza akipandisha sauti kumjibu mpiga ngoma, utasikia kwamba hakujifunzia konsavatori.

Mwaka 1950 ndipo mambo yalipofunguka. Sonora Matancera, bendi iliyoanzishwa 1924 mji wa Matanzas, ilikuwa inatafuta mwimbaji wa kike kwa sababu Myrta Silva alikuwa anarudi kwao Puerto Rico. Kiongozi wa bendi, Rogelio Martínez, akamchukua Celia. Wasikilizaji wakakasirika. Wakaandika barua redioni: huyu nani, turudishieni Myrta. Mwenye kampuni ya santuri ya Seeco, Sidney Siegel wa New York, naye hakutaka kumrekodi. Aliamini mwanamke hawezi kuuza santuri za muziki wa kuchezeka. Rogelio akasimama naye, akamwambia Siegel kwamba sahani ikidoda, gharama ya Celia ataibeba yeye. Sahani haikudoda.

Nawaomba mwende mkasikilize "Cao Cao Maní Picao", "Caramelo", "El Yerbero Moderno" na "Burundanga", iliyompa sahani ya dhahabu mwaka 1957 hadi akasafiri New York kuipokea. Sikilizeni tarumbeta mbili zinavyoingia kwa pamoja, kinanda kikizunguka, halafu kiitikio cha yule bwana aliyeitwa Caíto, sauti nyembamba ya puani. Juu ya hayo yote ndipo anapopita Celia. Ana sauti ya chini, nzito, na kila neno linasikika hata kama Kihispania hukijui.

Napumzika kidogo, naja na 1960.

Mchangiaji, Morogoro

Mkuu, shikamoo kwa uzi. Ila umepita Kuba umesahau Morogoro. Sisi huku tulikuwa na Cuban Marimba ya marehemu Salum Abdallah. Jina la bendi lenyewe linatosha. Unadhani wazee wetu walipata wapi hiyo Kuba?

Mleta mada

Marahaba, na umenigusa panapotakiwa.

Waliipata kwenye santuri. Kuanzia 1933 kampuni ya HMV ilianza kuleta Afrika mfululizo wa santuri uliojulikana kwa herufi GV. Nyingi zilikuwa muziki wa Kuba, son na rumba, uliorekodiwa mwishoni mwa miaka ya 1920 na mwanzoni mwa 1930. Zikafika Léopoldville (Kinshasa ya leo), zikafika Afrika Magharibi, zikafika na kwetu. Wanamuziki wa Kongo wakazisikiliza hadi wakazijua kwa moyo, wakatoa kile kinanda cha Kuba wakaweka gitaa, na humo ndimo ilimozaliwa rumba ya Kongo. Salum Abdallah alizisikia akiwa kijana Morogoro, akaanzisha kundi mwishoni mwa miaka ya 1940 lililoitwa La Paloma, ndipo baadaye likawa Cuban Marimba. Alifariki 1965 kwa ajali, bado kijana. Sikiliza magoma yake utakuta mpigo uleule wa vijiti viwili, claves, vinavyogonganishwa na kuushika wimbo mzima usiteleze.

Kwa hiyo sisi na Celia tulinyweshwa kisima kimoja. Na kuna tarehe moja inayonigusa kila nikiiwaza. Mwaka 1960 Joseph Kabasele na African Jazz walikuwa Brussels wakirekodi "Indépendance Cha Cha", Waafrika wakishangilia uhuru kwa mtindo wa Kuba. Mwaka huohuo Celia alikuwa anaondoka Kuba.

Tuendelee.

Mapinduzi ya Fidel Castro yalishinda Januari 1959. Kumbi zikabanwa, redio zikachukuliwa na serikali, wasanii wakatakiwa waonyeshe wako upande gani. Tarehe 15 Julai 1960 Sonora Matancera ilipanda ndege kwenda Mexico kwa mkataba wa kazi. Bendi haikurudi. Celia alikuwa na miaka 34, jina kubwa kuliko mwimbaji yeyote wa kike kisiwani, na mama yake mgonjwa wa saratani alibaki Havana.

Mama alifariki Aprili 1962. Celia akaomba aingie akazike. Serikali ikamkatalia.

Wakuu, hapa mtu akiniambia tujadili siasa za Vita Baridi nitamjibu, ila kwanza tukae hapo. Nani anamzuia mtoto asimzike mama yake? Celia alisamehe mengi maishani, hilo hakulisamehe. Aliapa kwamba hakanyagi tena Kuba ilimradi serikali ile ipo, na alikishika kiapo chake hadi kifo.

Julai mwaka huohuo akafunga ndoa na Pedro Knight, mpiga tarumbeta wa bendi. Walifahamiana tangu 1950, urafiki ukageuka mapenzi polepole. Mwaka 1967 Pedro aliweka chini tarumbeta yake, akawa meneja wa mkewe na mlinzi wake, na wakati mwingine mwongozaji wa bendi jukwaani. Mwanamume wa kizazi kile, mpiga tarumbeta hodari, kukubali kusimama nyuma ya mkewe kwa miaka 36! Celia alimwita "cabecita de algodón", kichwa cha pamba, nywele zilipokuwa nyeupe. Hawakujaliwa mtoto. Walikaa pamoja miaka 41.

Mchangiaji, Mombasa

Bwana, uzi mtamu huu. Lakini mbona hiyo miaka ya 60 mwaruka? Mimi nina sahani zake na Tito Puente, ni moto. Kwa nini waseme alipotea?

Mleta mada

Hakupotea yeye, walipotea wasikilizaji, na umenisaidia kufika kwenye kiini cha hoja yangu.

Celia aliacha Sonora 1965. Kuanzia 1966 akarekodi na Tito Puente, mpiga ngoma na kiongozi wa bendi, kwa kampuni ya Tico, New York. Sahani zile ni nzuri, nakubaliana nawe. "Bemba Colorá" ni ya wakati huo, na hadi leo sijasikia mwimbaji anayeumiliki wimbo jukwaani kama yeye alivyoumiliki ule. Lakini haziuzi. Vijana wa Kilatini wa New York walikuwa wanasikiliza rock, wanasikiliza soul, na mtindo wao wenyewe ulikuwa boogaloo, nusu Kihispania nusu Kiingereza. Celia kwao alikuwa sauti ya redio ya mama zao. Kuba imefungwa, santuri mpya haziji, watalii hawaendi. Muziki uliotoka kisiwani ukaonekana kitu cha jana.

Fikiria umri wake hapo. Miaka arobaini na kitu, kwenye biashara inayotaka sura mpya kila msimu. Hana nchi, hana bendi yake ya zamani, sahani zinatoka moja baada ya nyingine na hazigusi watu. Waimbaji wengi huishia hapo. Hurudi kwenye kumbi za harusi, wakaishi kwa sifa za zamani. Yeye aliendelea kupanda jukwaani, Mexico, Venezuela, New York, kila mahali akivaa kama anakwenda ikulu.

Mwaka 1973 Larry Harlow, mpiga kinanda Myahudi wa Brooklyn aliyewahi kwenda Kuba kujifunza muziki, akamwita aimbe kwenye "Hommy", igizo lake la muziki lililofanyika Carnegie Hall. Celia aliimba wimbo mmoja tu, "Gracia Divina". Wimbo mmoja ukatosha. Vijana waliokuja kuona mastaa wa rika lao wakatoka wakiulizana yule mama ni nani.

Kwa nini wakati huo na si mwaka 1966? Kwa sababu vijana wenyewe walikuwa wamebadilika. Wapuerto Rico wa New York mwanzoni mwa miaka ya 1970 walikuwa wanadai heshima mitaani, Harlem ya Mashariki na Bronx, wanataka kujua asili yao. Boogaloo ikawachosha. Wakaanza kuchimba santuri za zamani za Kuba, wakaongeza tromboni na ukali wa mitaa yao, na wafanyabiashara wakaupa muziki huo jina moja la kuuzia: salsa. Waliochimba walikuta sauti ya Celia imelala kwenye santuri zile, na mwenye sauti anaishi mji uleule.

Johnny Pacheco ndiye aliyeelewa haraka kuliko wote. Huyu alikuwa Mdominika, mpiga filimbi, ambaye mwaka 1964 alianzisha kampuni ya Fania pamoja na mwanasheria Jerry Masucci. Pacheco alikua akiisikiliza Sonora Matancera, na bendi yake aliisuka kwa mfano wa Sonora. Alipoingia studio na Celia hakujaribu kumfanya awe wa kisasa. Alimrudishia tarumbeta zake, kinanda chake na kiitikio chake. Ikatoka albamu "Celia & Johnny", 1974, kwenye lebo ya Vaya iliyokuwa chini ya Fania. Wimbo wa kwanza ni "Quimbara", uliotungwa na kijana wa Puerto Rico, Junior Cepeda. Albamu ikapata dhahabu. Humo pia kuna "Toro Mata", wimbo wa Waafrika wa Peru, na Celia anauimba kana kwamba kazaliwa Lima.

Nikisema salsa ilimfuata, ushahidi wangu ni huo. Sikiliza "Quimbara" kisha sikiliza santuri za Sonora za miaka ya 1950. Mwimbaji hajabadilisha kitu. Rekodi imekuwa safi zaidi, bendi imekaza kamba, na dunia imerudi kumsikiliza.

Mchangiaji, Lubumbashi

Ndugu, asante sana. Sasa utuambie ya Zaire. Baba yetu alikuwa anaongeaka kila siku juu ya ile muziki ya Stade du 20 Mai.

Mleta mada

Ya Zaire haya hapa, ndugu yangu.

Tamasha lilipangwa Septemba 1974, siku tatu, tarehe 22 hadi 24, na waandaaji wa muziki walikuwa Hugh Masekela wa Afrika Kusini na Stewart Levine. Lilipangwa liende pamoja na pambano, lakini Foreman alichanika juu ya jicho mazoezini, pambano likasogezwa hadi 30 Oktoba. Wanamuziki walishafika, uwanja uko tayari, tamasha likafanyika peke yake. Walikuwepo James Brown, B.B. King, Bill Withers, Miriam Makeba. Wenyeji walikuwa Franco na TPOK Jazz, Tabu Ley, Abeti. Na kutoka New York wakaja Fania All-Stars: Pacheco, Ray Barretto kwenye kongas, Héctor Lavoe, na Celia, mwanamke pekee katika kikosi chao. Kamera zilikuwa zinapiga, picha nyingi zilikaa kabatini miaka mingi hadi filamu ya "Soul Power" ilipotoka 2008. Mle utawaona hata ndani ya ndege wanapiga na kuimba njia nzima.

Jukwaani Celia aliimba "Quimbara" na "Guantanamera". Ninyi mliolelewa na rumba mtaelewa haraka kilichotokea uwanjani. Wimbo wa Kikuba una sehemu mbili. Kwanza hadithi inaimbwa kwa utulivu. Halafu inafunguka sehemu iitwayo montuno: waitikiaji wanarudia mstari mmoja, na mwimbaji anabuni maneno papo hapo katikati yao, anacheza na ngoma, anachokoza, anajibu. Wakongo wana sebene, gitaa linapochukua usukani na watu wanainuka kucheza. Ndugu wawili hao. Uwanja wa Kinshasa haukuhitaji mkalimani, montuno ilipofunguka kila mtu alijua la kufanya.

Namuwaza Celia pale. Ameimba Kilukumi tangu ujanani, amebeba Afrika kwenye koo lake, na sasa anasimama katikati ya bara lenyewe, mbele ya watu ambao baba zao walijifunza gitaa kwa kusikiliza muziki wa kisiwa chake. Nyumbani kwake hawezi kuingia. Kwetu aliingia.

Mchangiaji

Mleta mada, mimi nitakubana. Unamsifia sana, lakini La Lupe je? Kuna watu wanasema Celia alibebwa na Fania, mwenzake akatupwa.

Mleta mada

Swali zuri na halina jibu jepesi.

La Lupe naye alikuwa Mkuba, wa Santiago, alikimbilia New York mwanzoni mwa miaka ya 1960 akaimba na Tito Puente. Miaka ileile ambayo Celia hauzi, La Lupe ndiye aliyekuwa anauza. Jukwaani alikuwa moto wa kuotea mbali: anavua viatu, anajipiga, analia. Fania ilipoinunua Tico katikati ya miaka ya 1970, ilimsukuma mbele Celia, na La Lupe akawekwa pembeni. Alifariki Bronx mwaka 1992, maskini, akiwa mlokole. Inauma.

Je, kampuni ilipendelea? Ndiyo, naamini ilipendelea. Celia alikuwa mtu wa kazi, anafika kwa wakati, hana kashfa, ana Pedro anayesimamia mambo. Wenye pesa hupenda mtu kama huyo. Lakini hilo halipunguzi sauti yake hata kidogo. Kwangu kosa ni la biashara iliyoamua kwamba kuna nafasi ya mwanamke mmoja tu. Wanaume walikuwa kumi na zaidi jukwaani, hakuna aliyewaambia mmoja apishe. Msikilizeni La Lupe pia, tena kwa moyo wote.

Mchangiaji, Dar

Na siasa mkuu? Huyu mama si alikuwa anaipinga Kuba, nchi iliyotusaidia sana Waafrika? Wakuba wamekufa Angola.

Mleta mada

Kweli tupu, wamekufa Angola, na madaktari wao wametibu watu wetu. Sitaki kuifuta historia hiyo, nami naiheshimu.

Lakini watu wawili wanaweza kuwa na haki kwenye jambo moja. Serikali ya Kuba ilisaidia ukombozi wa Afrika. Serikali hiyohiyo ilimzuia mwanamke mweusi, mtoto wa mchochea makaa, asimzike mama yake, halafu ikaondoa nyimbo zake redioni, hata vijana wa Havana wakakua bila kumsikia mwimbaji wao mkubwa kuliko wote. Mimi siwezi kumwambia Celia anyamaze kuhusu kaburi la mama yake kwa ajili ya Cuito Cuanavale, vita vile vya Angola walivyopigana Wakuba. Wewe unaweza?

Mwaka 1990 alialikwa kuimba kwenye kambi ya jeshi la Marekani ya Guantánamo, iliyo kwenye ardhi ya Kuba. Akaenda hadi kwenye uzio, akapenyeza mkono, akachota udongo wa upande wa pili, akauweka. Aliomba azikwe nao.

Ngoja nimalizie safari yake, maana miaka ya mwisho wengi mnaijua kwa nyimbo bila kujua mwimbaji.

Fania ilififia kuelekea mwisho wa miaka ya 1970, na Celia hakufifia nayo. Aliimba na mpiga tromboni Willie Colón. Mwaka 1990 yeye na Ray Barretto walipata Grammy kwa "Ritmo en el Corazón". Ilikuwa ya kwanza kwake, akiwa na miaka 64. Chuo Kikuu cha Yale kilimpa shahada ya heshima 1989, na Rais Clinton akamvika nishani ya taifa ya sanaa 1994. Mavazi yakazidi kukua, mawigi ya kila rangi, na vile viatu vyake maarufu visivyo na kisigino nyuma, vilivyomfanya aonekane anaelea. Baadhi ya mavazi na viatu hivyo viko kwenye jumba la makumbusho la Smithsonian, Washington. Ule mlio wake wa "¡Azúcar!", sukari, ulitokana na hadithi aliyoizoea kusimulia jukwaani. Mhudumu wa mgahawa Miami alimuuliza kama kahawa atie sukari, naye akashangaa Mkuba kuulizwa hivyo. Hadhira ikaipenda, siku moja akaacha kusimulia akapiga kelele neno lile peke yake. Kuba ya miwa ilijengwa kwa migongo ya watumwa, na mjukuu wao alilipaza neno hilo kwa furaha. Kila nikilisikia nasikia yote mawili.

Mwaka 1998 ikatoka "La Vida Es Un Carnaval", iliyotungwa na Muajentina Víctor Daniel. Wimbo huu unapigwa kwenye harusi hata za watu wasiojua salsa ni nini. Unamwambia mwenye majonzi asidhani yuko peke yake. Wapo wanaousikia kama wimbo mwepesi wa sherehe. Mimi nausikia nikijua ni mdomo wa nani unaouimba, nao unakuwa mzito sana. Halafu 2001, akiwa na miaka 75, akaja na "La Negra Tiene Tumbao", yenye vijana wa rap ndani yake, wimbo wa kumsifu mwanamke mweusi anavyotembea kwa madaha bila kupinda njia. Bibi wa miaka 75 anawachezesha wajukuu disko, tena anajisifu weusi wake kwenye televisheni za Kilatini ambako watu weusi walionekana kwa nadra.

Mwishoni mwa 2002 aliugua saratani, uvimbe wa ubongo, akafanyiwa upasuaji Desemba. Mwanzoni mwa 2003 akarudi studio kurekodi "Regalo del Alma". Machi wasanii wakamfanyia usiku wa heshima Miami, naye akasimama akaimba. Tarehe 16 Julai 2003 alifariki nyumbani kwake Fort Lee, New Jersey, akiwa na miaka 77. Mwili ulipelekwa kwanza Miami, watu wakapanga foleni kwa maelfu, kisha New York, misa katika Kanisa Kuu la Mtakatifu Patrick, mazishi Woodlawn, Bronx. Udongo wa Guantánamo uliwekwa ndani ya jeneza. Pedro alimfuata Februari 2007 na amelala palepale. Mwaka 2024 Marekani ikatoa sarafu ya senti 25 yenye picha yake.

Mchangiaji, Mwanza

Mkuu umenipata. Sijui Kihispania hata neno, nianzie wapi?

Mleta mada

Anza na "Quimbara" ya 1974, kwa spika nzuri kama unazo, na uache imalizike. Ikikukamata, rudi nyuma kwenye "Burundanga" na "Caramelo" za Sonora ili usikie alikotoka, zina mikwaruzo ya santuri lakini zizoee. Kisha tafuta "Bemba Colorá" ya jukwaani, si ya studio, kwa sababu mle ndani anabuni maneno na kila mara anaimba tofauti. Picha za Kinshasa zipo kwenye "Soul Power", zitazame ukiwa na watu. "La Vida Es Un Carnaval" iache iwe ya mwisho, uisikie ukishajua aliyeimba.

Na ndugu wa Morogoro, ukiwa na santuri za Cuban Marimba zinazolia bado, fungua uzi wake, mimi nitakuwa mchangiaji wa kwanza.